Ngoma ya Usiku Kucha, Picha ya Dakika Moja

Moa ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Tanga, katika Wilaya ya Mkinga, si mbali na mpaka wa Kenya. Anayeandika historia ya filamu hawezi kufikiria kuanzia hapo. Filamu zina miji yake, na Moa haimo. Lakini anayetaka kujua namna ngoma ilivyoingizwa kwenye kamera, ikakatwa vipande vifupi, ikauzwa, ikakemewa, kisha ikarudi mikononi mwa wachezaji wenyewe, atakuta karibu kila hatua ya safari hiyo imepita kwenye pwani hii au imeigusa kwa karibu.

Kabla ya kamera

Wenyeji wa ukanda huu ni Wadigo, Wasegeju na Wavumba, na kila watu wana ngoma zao. Wadigo wana sengenya na gonda. Mijini kulikuwa na lelemama ya akina mama waliojipanga safu, vugo la arusini, na kirumbizi, wanaume wakipimana kwa fimbo. Madiwani, yaani watawala wa Vumba, walikuwa na ngoma zao za enzi na siwa, na hakuna aliyeketi kwenye cheo hicho bila kuwalisha watu wa miji yote karamu ya kutosha. Ngoma ilianza baada ya isha, ikapamba moto usiku wa manane, na mara nyingi alfajiri ndiyo iliyoifunga. Haikuwa na upande wa mbele. Watu walizunguka, na aliyetaka kuona vizuri alisogea au aliingia kucheza.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hii kwenye ramani, mstari wao ukianzia baharini karibu na mlango wa mto Umba. Vanga ikawa upande mmoja, Moa upande wa pili. Ndugu waligawanywa na bendera mbili, ingawa arusi ziliendelea kuvuka kwa mashua kama zamani.

Kuna sifa moja ya ngoma za pwani ambayo itatusaidia baadaye, nayo ni mashindano. Mtaa hushindana na mtaa, kundi na kundi, na ushindi hupimwa kwa mavazi, maneno, wingi wa watu na fedha zilizotumika. Beni, iliyozuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, iliifikisha sifa hii kileleni. Ilikuwa na gwaride, sare, tarumbeta na vyeo vya kijeshi, huku vyama viwili, Marini na Arinoti, vikipigana vijembe mji kwa mji. Tanga ilikuwa mojawapo ya ngome zake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, kwanza Tanga yenyewe mnamo Novemba 1914, kisha Jasini, jirani kabisa na Moa, mnamo Januari 1915, askari na wapagazi waliichukua beni hadi bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Alionyesha kwamba wachezaji hawakuwa wakiwaiga wazungu tu kama kasuku. Walichukua umbo la jeshi la mkoloni wakalitumia kwa shughuli zao, kusaidiana, kuzikana na kutambiana.

Kwa hiyo kamera haikuwakuta watu wanaoona haya kutazamwa. Iliwakuta watu waliozoea kuvaa, kujipanga na kutaka kushinda.

1894–1906: Kamera yaanza na wachezaji

Filamu na picha za watu wakicheza dansi vilizaliwa karibu pamoja. Katika studio ya Thomas Edison huko Marekani, kati ya mwaka 1894 na 1895, binti aliyeitwa Annabelle alipigwa picha akizungusha gauni lake refu kama mawimbi. Picha hiyo ilikuwa chini ya dakika moja. Watu waliinama kuitazama kwenye sanduku lenye tundu, na nakala zake zilipakwa rangi kwa mkono. Ndugu Lumière wa Ufaransa nao walitengeneza yao. Kipande kimoja cha ukanda wao kilikwenda kwa takriban sekunde 50, na hicho ndicho kikawa kipimo cha mchezo wowote uliopita mbele ya kamera yao.

Waafrika waliingia mapema mno, na si kwa mlango wa heshima. Mwaka 1897 huko Lyon, Lumière waliwapiga picha Waashanti walioletwa kuonyeshwa kwa watazamaji katika kijiji cha bandia, wakicheza kwa amri ya mwenye maonyesho. Mwaka uliofuata Mwingereza Alfred Cort Haddon alipeleka kamera visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Australia, akarudi na dakika chache za ngoma ya wenyeji. Hapo pakaanza desturi ya wataalamu kukusanya vipande vifupi vya ngoma kutoka pembe zote za dunia na kuviweka kabatini.

Desturi hiyo iliingia nchini kwetu mwaka 1906. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alikusudia kwenda Kondoa-Irangi, lakini vita vya Maji Maji vilimlazimisha kubadili njia. Akaelekea kusini: Lindi, Masasi, Newala. Alibeba kamera ya sinema na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta, na katika miezi michache alizinasa ngoma za Wayao, Wamakua na Wamakonde.

Inafaa kusimama hapa kidogo, maana mambo matatu yaliyotokea katika safari hiyo yameishi zaidi ya karne. Kwanza ni mwanga. Kamera ya enzi hizo ilitaka jua kali, kwa hiyo ngoma ya usiku ililazimika kuchezwa mchana, saa ambayo watu wazima walikuwa na kazi nyingine. Pili ni sauti. Silinda ilinasa wimbo kando, ukanda ukanasa mwili kando, na kwa mara ya kwanza mchezaji wa huku alionekana akitikisika pasipo ngoma kusikika. Tatu ni hali yenyewe. Mgeni alikuja na askari katika nchi iliyotoka kuunguzwa. Nyumba zilikuwa zimechomwa, watu wamenyongwa, njaa iko mlangoni. Sijui ni nani angekataa kucheza mbele ya mtu kama huyo. Weule aliandika kitabu chenye vichekesho vingi na picha nzuri, na ni kweli kwamba bila yeye tungekosa ushahidi wa mambo mengi. Lakini kumbukumbu hiyo ilifungashwa kwenda Leipzig, na waliocheza hawakupata fursa ya kujiona.

1935–1937: Vugiri

Baada ya Wajerumani kuondoka, jaribio kubwa la sinema katika Afrika Mashariki halikufanyika Nairobi wala Dar es Salaam. Lilifanyika Vugiri, kwenye milima ya Usambara, juu ya Korogwe. Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya wakoloni, aliungana na G. C. Latham kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na kati ya mwaka 1935 na 1937 wakatengeneza filamu 35 hivi. Waigizaji walikuwa wenyeji. Sauti ilitiwa kwenye sahani za santuri pembeni, ili filamu moja iweze kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Gari likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mada zao zinasema yote: akiba ya posta, safura, kilimo bora. Kwenye mkoa uliokuwa umejaa vibarua wa katani, kila kabila na ngoma yake Jumamosi usiku, watu wa Vugiri walikuja kufundisha. Fedha zilikwisha, serikali za makoloni zikagoma kuchangia, na mradi ukafa. Wazo baya zaidi la miaka hiyo lilikuwa lile lililoshikwa na kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939: kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka, basi apewe picha ndefu, polepole, bila ujanja. Wazo hilo halikuwa na msingi. Ukumbi wa sinema wa mjini Tanga ungetosha kulipindua.

Miaka ya 1950: Majestic

Majumba ya sinema ya pwani yalikuwa mikononi mwa familia za Kihindi, na jina la Majestic ndilo lililokaa zaidi kwenye ndimi za watu wa Tanga. Mtu wa Moa aliyekwenda mjini kuuza samaki au kufuata daktari aliweza kumaliza siku yake humo. Filamu za Marekani zilikuwepo, na za Misri pia, lakini zilizotawala mioyo zilikuwa za Kihindi.

Wanahistoria wa sinema hawalitilii uzito wa kutosha jambo moja. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilikuwa mfuko wenye filamu fupi za mchezo saba au nane ndani yake. Hadithi ilisimama, wimbo ukaanza, mavazi yakabadilika, na kwa dakika tano kamera ilimtumikia mchezaji peke yake. Katika Awaara ya mwaka 1951, Raj Kapoor na Nargis waliingizwa katika ndoto ya takriban dakika tisa yenye ngazi, moshi na masanamu makubwa. Katika Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, iliyopigwa kwa sehemu kubwa bila rangi, Madhubala alicheza katika ukumbi wa vioo na hapo rangi ikamwagika. Hakuna mkoloni aliyewaambia watazamaji wa Tanga kwamba picha hizo zinakwenda mbio. Walirudi kuzitazama tena, na walitoka wakiimba maneno ya lugha wasiyoijua.

Zanzibar palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mtafiti Laura Fair ameeleza jinsi hadithi hizo za mapenzi yaliyozuiwa zilivyoingia katika mazungumzo ya nyumbani. Muziki nao ulikopa. Waimbaji wa taarabu walitia maneno ya Kiswahili kwenye tuni za Kihindi, na Juma Bhalo wa Mombasa akalifanya hilo kuwa fani kamili. Tanga yenyewe ilikuwa na Black Star, kisha Lucky Star iliyotoka ubavuni mwake, na mwimbaji Shakila akawa sauti ya mji huo. Tazama jinsi mashindano ya Marini na Arinoti yalivyozaliwa upya, safari hii kwa vinanda.

Serikali ya kikoloni haikulala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilileta kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili, na nyota wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana mmoja mfanyakazi wa maendeleo ya jamii, Rashidi Kawawa. Miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Huenda ndiye waziri mkuu pekee Afrika Mashariki aliyeanza kujulikana kwenye turubai la sinema.

1962–1981: Ngoma ya jukwaani, ngoma ya kabatini

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, akatangaza wizara ya utamaduni na vijana. Alilalamika kwamba wasomi walijifunza dansi za kizungu huku wengi wakiwa hawazijui ngoma za nyumbani, na miongoni mwa alizozitaja kwa jina ilikuwemo lelemama ya pwani. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa, na vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981.

Nia ilikuwa njema, na mimi si miongoni mwa wanaoibeza. Lakini jukwaa lilifanya kazi ileile ya kamera ya Weule. Ngoma ya usiku kucha ikawa ya dakika kumi za kumpokea mgeni uwanja wa ndege, wachezaji wote wakimtazama mgeni. Duara likafunguliwa likawa mstari. Sindimba ya Wamakonde ikatolewa Mtwara ikawa ya kila shule, na kila aliyeicheza alijifunza vipande vilevile vichache. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, lakini uchumi wa miaka iliyofuata haukuruhusu filamu nyingi, na ngoma ilionekana zaidi kama sehemu ya habari za ziara na sherehe.

Ulaya na Marekani walikuwa wameanza mapema zaidi kubishana juu ya maana ya filamu fupi ya mchezo, na pande zilikuwa mbili. Upande mmoja alikuwa Maya Deren. Mwaka 1945 alitengeneza filamu ya dakika chache na mchezaji mweusi Talley Beatty, ambaye anainua mguu msituni na kuushusha chumbani. Mchezo huo hauwezi kuchezwa popote isipokuwa ndani ya filamu, kwa sababu mahali penyewe panacheza naye. Upande wa pili walikuwa wakusanyaji. Taasisi ya Göttingen nchini Ujerumani ilianza mwaka 1952 kujenga hazina ya vipande vya kisayansi, kila kimoja tendo moja: ufinyanzi, uvuvi, ngoma. Nchini Marekani, Alan Lomax na wenzake Irmgard Bartenieff na Forrestine Paulay walikusanya filamu za ngoma kutoka mabara yote ili kupima mwenendo wa viungo, kiwiliwili na hatua, na mwaka 1974 wakatoa filamu ya kueleza matokeo yao.

Lomax aliamini kwamba namna watu wanavyocheza inafungamana na namna wanavyojipatia riziki. Ni wazo linalovutia, na lina mapengo makubwa. Wadigo wa Moa huvua, hulima minazi na mihogo, huuza mikoko na huvuka mpaka kufanya biashara. Lelemama yao ya taratibu na kirumbizi chao cha fimbo vinatoka kwa watu walewale, wakati mwingine katika arusi ileile. Kipande cha dakika mbili humwonyesha mtaalamu mwili. Hakimwambii ni nani aliyekasirishwa na wimbo huo, wala mtaa upi umeshindwa.

1994 na baadaye: Kanda, VCD na baikoko

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, ilipoanza ITV. Kabla na baada ya hapo, vijijini palikuwa na mabanda ya video: jenereta, seti moja, mabenchi, kiingilio kidogo. Filamu za Kihindi zilirudi kwa njia hiyo, zikafuatwa na vipande vya ndombolo kutoka Kongo. Vijana walijifunza mitindo ya Kinshasa kwa kurudisha kanda nyuma. Jukwaani vikundi vya Muungano na TOT, cha pili kikiwa kilianzishwa mwaka 1992, viliwasha moto wa mipasho, na Khadija Kopa akawa jina la kila nyumba. VCD zilipokuwa rahisi, mashindano hayo yaliingia sebuleni.

Hapo ndipo baikoko ilipopanda. Ni ngoma ya Tanga: wanaume kwenye ngoma, wanawake wamejifunga kanga, na kiuno ndicho msemaji. Ngoma za kiuno si jambo jipya pwani. Chakacha ya Mombasa ina ukoo huohuo, na kundi la Mombasa Roots liliitia kwenye disko katika miaka ya 1980. Mambo kama hayo yalichezwa zamani ndani, wanawake kwa wanawake, arusini au kwenye mafunzo ya mwari, na aliyekuwepo alijua kwa nini yanachezwa. Kamera ilivunja ukuta huo. Video za baikoko zilisambaa kwa CD za vibandani na baadaye YouTube, na watazamaji wakawa wanaume wa Dar es Salaam, Nairobi na Muscat ambao hawakualikwa.

Kelele zilifuata upesi. Viongozi wa dini na wa serikali waliikemea hadharani, na maonyesho yakawekewa vikwazo. Waliokemea walisema ni uchafu. Waliotetea walisema ni mila. Naona pande zote mbili zilipita pembeni. Kilichobadilika si kiuno bali ni nani aliyeruhusiwa kukiona, na ni nani aliyekula fedha. Wachezaji walilipwa kwa usiku mmoja. Nakala za CD zilinakiliwa bila idadi na mtu mwingine.

Mwaka 2021 Mbosso na Diamond Platnumz walitoa wimbo uitwao Baikoko, wenye video ya kisasa. Neno lililokuwa la kashfa likachezwa redioni mchana kweupe.

Sekunde sitini

Simu ilimaliza kazi ambayo VCD iliianza. Mwaka 2014 watoto wa Kampala waitwao Ghetto Kids walicheza kwenye vumbi wimbo wa Eddy Kenzo, Sitya Loss, na video yao ikazunguka dunia. Mwaka 2023 walifika fainali ya Britain's Got Talent. Februari 2020 kikundi cha Angola, Fenómenos do Semba, kilicheza wimbo wa Jerusalema huku sahani za chakula zikiwa mikononi, na wakati wa korona wauguzi, mapadri na polisi wa nchi nyingi wakaiga hatua zile. Kwa mara ya kwanza tangu Lumière, aliyecheza, aliyepiga picha na aliyeamua pa kukata walikuwa watu wa mtaa mmoja.

Kisha ikaja zamu ya Kili Paul na dada yake Neema, Wamasai wa Mkoa wa Pwani. Walivaa lubega, wakasimama mbele ya boma, wakafuatisha kwa midomo na mabega nyimbo za filamu za Kihindi. India ikapagawa. Februari 2022 ubalozi wa India nchini ulimtunuku Kili Paul, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja redioni. Wazee waliolipia tiketi za Majestic kumtazama Raj Kapoor hawakuwahi kuota kwamba njia ile ingepitika kwa kurudi.

Pwani ya Mkinga nako simu ziko juu kwenye kila arusi. Ukitazama video hizo utaona duara limefunguka tena, kama lilivyofunguka uwanja wa ndege. Wachezaji hujipanga kuielekea simu iliyosimamishwa wima, na wapiga ngoma, ambao bila wao hakuna shughuli, hubaki nje ya picha. Hapa, lakini, hakuna aliyewaamuru, na picha ikiisha simu hushushwa na ngoma huendelea hadi itakapochoka. TikTok iliongeza muda wake hadi dakika tatu mwaka 2021, na dakika kumi mwaka uliofuata. Wachezaji wengi hawakuzitaka. Wamebaki na sekunde zao, kwa sababu kipande kifupi ndicho mpinzani wa mtaa wa pili anachoweza kukijibu usiku uleule.